Usiitafute Diski Begini

Swabra mwanangu,

Amani ya Mola iwe nawe hapo ulipo. Nadhani treni imeshaipita Voi, jirani yako ameanza kusinzia, nawe umelivuta begi miguuni unatafuta. Barua nimeitia katikati ya leso mbili alizokupa bibi yako kwa sababu nakujua: leso hizo huna haja nazo njiani, hutazigusa ila unatafuta kitu. Na kitu chenyewe nakijua, unatumaini nimelainika dakika ya mwisho nikakitia. Usiitafute diski begini, mamangu. Haimo. Usianze kutoa nguo moja moja mbele za watu, haimo.

Ninapoandika ni alasiri, na wewe uko nje unaaga. Umeanza kwa shangazi yako Ganjoni, kisha urudi huku kwetu Mji wa Kale upite nyumba kwa nyumba, na kila mlango utataka ukae, ule na uombewe dua. Hutarudi kabla ya magharibi, na ukirudi utakuwa umeshiba mpaka unaona tabu kupanda ngazi. Babako yuko msikitini. Mimi nimekaa meza ya chakula na ile kompyuta mbele yangu, imezimwa. Nimeifunika mtandio, maana kioo chake kikiwa cheusi kinanionyesha uso wangu na leo siutaki.

Sitakuandikia habari za kula, kulala na marafiki. Hayo nimeyasema mpaka ukawa unanimalizia mwenyewe. Juzi nilipoanza tu, "Nairobi kuna baridi," ukadakia: "Basi nivae sweta mbili, moja ya baridi na moja ya wasiwasi wako." Nilicheka. Ulikuwa umepita muda mrefu hatujachekeana humu ndani, na sababu ni diski hiyohiyo.

Tumeigombania kwa wiki nyingi. Kila mara nikibanwa nasema neno moja tu, "amana", kisha naingia jikoni. Wewe unabaki umesimama barazani na maneno yako mdomoni. Hukustahili neno moja. Ulistahili nikae chini nikueleze, na mimi kukaa chini na kusema lililo moyoni sikufundishwa. Mamangu mimi alikuwa akikasirika anafua. Mimi nikikasirika napika. Ndiyo maana wiki hizi mmekula vizuri sana.

Kazi yangu umezaliwa ndani yake, lakini sidhani nimewahi kukwambia ilivyoanza. Zamani, usiku wa kupamba, bi harusi akishawekwa juu ya jukwaa na wanawake wameshavua mabuibui, hakukuwa na picha. Mwanamume haingii, na kamera zote za mji zilikuwa mikononi mwa wanaume. Ikawa mwanamke anapambwa siku moja katika maisha yake, anang'aa, kisha anajifunika na hakuna kinachobaki ila masimulizi ya mashangazi, nao mashangazi unawajua kwa kutia chumvi. Nikaona mimi nijifunze. Watu walinicheka, wakaniita Bi Kamera, na jina likanikaa mpaka leo hata mwenye duka la unga hajui jina langu la kweli.

Wamenipa kazi hiyo kwa ahadi moja. Simu huachwa mlangoni na mtu wa kupekua mikoba yupo, lakini kamera yangu inapita. Na kila harusi ikiisha, mama wa bi harusi hunishika mkono na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Haya hayatoki, Bi Kamera?" Nami humjibu, "Hayatoki." Hakuna karatasi, hakuna shahidi. Neno hilo limenilisha mimi na nyinyi.

Kwa ajili ya neno hilo nikafanya kosa ambalo fundi yeyote angenicheka. Nakala moja nilimpa mwenyewe bi harusi, na moja nikaihifadhi ndani ya kompyuta hii ili ya kwake ikipotea aje kwangu. Basi. Kompyuta sikuiunganisha na mtandao hata siku moja. Nakala ya tatu sikuitaka, maana niliona kila nakala ni mlango mwingine unaohitaji kufuli. Wewe uliniambia tangu uko sekondari, "Mama, kitu hakiwekwi mahali pamoja." Nikakujibu kwamba wewe umesoma kompyuta na mimi nimesoma watu. Nilijiona nimesema maneno ya hekima. Kumbe nilikuwa nimewafungia watu wote ndani ya chumba kimoja, nikasahau kwamba chumba nacho huungua.

Na ndani yake alikuwamo Rukia.

Dadako alikuwa na nakala yake, nayo ikapotea walipohama nyumba na mumewe. Nikamwambia asijali, yangu ipo, nitamtolea nyingine akija. Hakuja kuichukua. Homa ilimshika siku chache tu ikammaliza, na baada ya arubaini yake ndipo nikakumbuka kwamba usiku wake wa kupamba sasa uko mahali pamoja tu duniani, mezani kwangu. Picha zake nyingine ni za kitambulisho na za shuleni, zote amenuna. Picha ya Rukia akitembea, akigeuza shingo, akicheka, ilikuwa hiyo peke yake.

Unakumbuka nilivyokuwa nikiiweka kwenye kioo tuitazame siku za mwanzo, mimi na wewe, mlango umefungwa. Sidhani unajua kwamba babako alikuwa akileta kiti na kukaa upande wa pili wa mlango. Hakuruhusiwa kuona, kwa kuwa mle wamo wake za watu, na yeye si mtu wa kuomba asichopewa. Alikuwa akisikiliza. Siku moja niligonga mlango kumuuliza kama anataka chai, akasema, "Mwongezee sauti kidogo." Hakusema iongeze. Alisema mwongezee.

Hapo ndipo niliposema nitakaa nikate vipande vya Rukia peke yake, bila ya mwanamke mwingine, nimpe babako na nikupe wewe. Kazi yenyewe haikuwa kubwa, nimewakatia watu vipande vigumu kuliko hivyo. Nikasema baada ya Ramadhani. Nikasema baada ya msimu wa harusi. Nikasema macho yangu yanauma. Babako hakuniuliza, na wewe ulipouliza nilikukemea. Kompyuta nayo ilikuwa imeanza kutoa mlio, tik, tik, kama saa ya ukutani, na kila faili ilichukua muda kufunguka. Nilisikia. Nikajiambia ni uzee wa mashine, mbona hata mimi magoti yanalia. Majuto ni mjukuu, wasema watu, na hata mjukuu mwenyewe sikujaaliwa.

Asubuhi ile kioo kilipobaki cheupe na alama ya kuuliza katikati, nilikaa nikaitazama alama ile mpaka chai ikapoa. Wewe ndiye uliyeniinua. Tuliifunga mashine kwa shuka, tukapanda tuktuk mpaka Buxton kwa yule fundi aliyesifiwa, kijana mpole, mwenye adabu zake. Aliusikiliza mlio wake akatikisa kichwa. Akasema diski imekufa lakini huenda ilichobeba ndani bado kipo, angejaribu kukitoa.

Nikamuuliza, "Huwezi kutoa bila ya kuona?"

"Lazima nifungue mbili tatu, mama, nione kama zimetoka nzima. Siwezi kukurudishia kitu siyui kizima au kibovu."

Hakukosea. Alikuwa anataka kufanya kazi yake vizuri. Nami nikaanza kuifunga shuka upya, wewe umesimama hujui utazame wapi kwa haya. Ndani ya tuktuk ukaniambia kwa hasira, "Mama, yule yuwaona picha elfu kwa siku. Hakumbuki hata moja." Nikakwambia, "Yeye hatakumbuka. Mimi nitakumbuka."

Ile siku tuliyoifungua wenyewe, Swabra, nataka uibebe hata ukiyaacha mengine yote ya barua hii. Tulitandika blanketi hapa mezani. Wewe umeegemeza simu kwenye kopo la sukari, mtu wa kwenye video anaeleza kizungu, unasimamisha, unarudisha. Kompyuta ya namna hii haina sanduku lake pembeni, kila kitu kimejificha nyuma ya kioo, na kioo chenyewe hakina skurubu, kimeshikwa na sumaku. Yule wa video alikuwa na mipira yake maalumu ya kunyonyea kioo. Sisi tukabandua kile kishikio cha sabuni cha bafuni kinachonyonya ukuta. Uliposhika upande wako na mimi wangu, tukavuta, kikatoka na mlio mdogo, na tukatazamana kama watu walioiba.

Ndani kulikuwa na vumbi la miaka na miaka, la udi na la jikoni kwangu. Ukaninyooshea mkono bila ya kunitazama, ukasema, "Bisibisi. Ile ya nyota." Nikakupa. "Nishikie hapa, taratibu, kuna nyaya." Nikashika. Ulikuwa unaniamrisha mimi mamako, na sikujua kama nitaudhika au nitalia kwa furaha, basi nikashika waya. Ukaichomoa diski ya zamani ukaniwekea mkononi. Nilidhani itakuwa nyepesi. Ilikuwa nzito, na ilikuwa bado na joto la mchana.

Mpya uliyoinunua ilikuwa nyembamba, haina kinachozunguka ndani, ukasema hizi ndizo za siku hizi, hazilii. Tulipoiwasha feni ikavuma mpaka paka akakimbia, maana tulisahau kile kiwaya cha kupima joto, tukafungua tena upya. Kisha ikawaka. Safi, ya haraka, kioo kitupu. Wewe ulipiga makofi. Mimi niliutazama utupu ule, nikakwambia ahsante, nikaenda jikoni. Ulidhani sikufurahi. Nilifurahi kwa mikono yako. Kilichobaki kilikuwa kinaniuma.

Diski ya zamani nikaifunga kwenye mtandio wa Rukia, nikaiweka kabatini chini ya sanda yangu. Kisha ikaja barua yako ya chuo, na ukaja na habari kwamba Nairobi kuna watu wana chumba kisichoingia hata chembe ya vumbi, wanafungua diski zilizokufa na kutoa kilichomo. Ukaniambia nikupe uende nayo. Nilipokataa, ukapiga simu kuuliza kama kuna mwanamke anayefanya kazi hiyo. Wakakwambia yupo wa kupokea wageni, ndani ya chumba ni wanaume. Ukaniambia, "Mama, mficha uchi hazai." Nami nikakujibu vibaya, nikasema wewe unamtaka dadako na hujali dada za watu. Neno lile naliomba radhi. Ulikuwa mtoto alipokufa, ukanyimwa hata kumkumbuka vizuri, na mimi nikakufanya mkosefu kwa kumtaka.

Wakati ule hukujua kwamba kesho yake nilivaa buibui nikaenda kuomba ruhusa.

Nilikwenda nyumba moja moja, kwa wote waliokuwamo usiku ule wa Rukia na usiku wa wengine, kadiri nilivyowakumbuka. Hiyo nayo ni desturi yetu, amana ukitaka kuihamisha unamwendea mwenyewe. Wengine wamekufa, nikawaendea mabinti zao. Wengi walinipa bila ya kunikalisha. Bi mmoja mkongwe aliniambia, "Yangu peleka, mwanangu. Mimi n'shazeeka, wakiniona wataona nini? Labda wataniletea posa." Mwingine alilia akasema nichukue, kwa ajili ya Rukia nichukue hata nyumba. Nilianza kuamini. Nilinunua hata kisanduku cha bati cha kuitia diski, ili isigongwe njiani.

Kisha mmoja akakataa.

Siku moja neno lilinitoka, "wamekataa", na ukadhani ni wote, nami nikakuacha udhani. Si kweli. Ni mmoja. Jina lake sitakutajia, usije ukamchukia. Ni mtu anayekupenda, na katika vyakula vya safari ulivyobeba kimo kilichotoka mikononi mwake. Alinikalisha, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Siku ile nilikuwa nacheka na kucheza, Bi Kamera. Waniona nilivyo sasa. Siyui kama itakuya siku nicheke tena vile. Sitaki mtu asiyekuwako anione."

Nikamwambia atakayeona ni fundi, hamjui, hatamjua.

"Ndiyo hayo. Mtu asonijua, anitazame nilipokuwa na raha zangu, kisha anywe chai yake aende nyumbani. Uliniambia hayatoki."

"Nilikwambia."

"Nisamehe. Kwa ajili ya Rukia ningekuwa naweza, ningesema ndiyo."

Nikambusu mkono, na yeye ni mdogo kwangu kwa umri, nikaondoka. Njiani nilimchukia. Nakwambia kweli yangu, kutoka mlangoni kwake mpaka mlangoni kwetu nilimchukia, na nilipofika nikaona aibu, kwa kuwa alichonidai ni neno langu mwenyewe.

Ungesema, Mama, mmoja kati ya wote. Nami nimejiambia hivyo kila siku tangu hapo. Nimejiambia hatajua. Nimejiambia Nairobi ni mbali. Nimejiambia mwenye haki zaidi ni maiti asiyeweza kusema. Hoja hizo ni nzuri, na kadiri siku yako ya kuondoka ilivyokaribia ndivyo zilivyozidi kuwa nzuri. Jana jioni nilifungua begi lako wakati unaoga, nikaitia diski chini ya viatu, nikafunga zipu. Nikaenda nikalala. Asubuhi umeondoka kwenda Ganjoni, nikaitoa.

Nikajua kwamba ikilala humu usiku mmoja zaidi, nitaitia tena, na safari hii sitaitoa.

Basi nimeifungua. Kwa ile bisibisi yako ya nyota. Hukunionyesha ndani ya diski kwenyewe kukoje, kwa hiyo sikutarajia: kuna sahani zimepandana, zinang'aa kuliko kioo chochote nilicho nacho, hazina doa. Hazina picha. Sijui nilidhani nitaona nini. Nimezitoa, nikaenda nazo uwani, nikazisugua kwa waya wa kusugulia masufuria na jivu, pande zote, mpaka zikawa za kijivu na vidole vikaniuma. Nikasugua nikilia, na jirani akaniuliza kutoka juu kama nimeunguza pilau. Nikamwambia ndiyo.

Babako bado hajui. Nitamwambia akitoka msikitini, kabla hujarudi, na ninaliogopa hilo kuliko barua hii. Kiti bado kiko pale nyuma ya mlango.

Sasa nikupe nilicho nacho. Usiku wa Rukia wewe ulikuwa mdogo, jino la mbele limeng'oka, na hukumbuki, umeniambia hukumbuki, hata tuliyoyaona kwenye kioo yamekufutika. Bi harusi wa kwetu, unajua, hukaa macho chini, uso umetulia, hacheki, ndiyo heshima yake. Dadako alikaa hivyo. Amevaa kijani, hina mpaka kwenye viwiko, asumini zimemwagika kichwani mpaka mabegani. Shingo yake ilikuwa inatetemeka kidogo kwa uzito wa dhahabu za kuazima. Ukumbi ukanyamaza kumtazama. Na wewe ukaponyoka mikononi mwa bibi yako, ukapanda jukwaa na viatu mkononi, ukamchungulia chini ya mtandio, ukamuuliza kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni, "Rukia, umekula?"

Alijizuia. Nilimwona anavyojizuia, mashavu yanajaa. Kisha akapasuka akacheka, kichwa nyuma, mdomo wazi, mkono umeshika tumbo, heshima yote chini, na ukumbi mzima ukacheka naye. Kicheko babako alichokuwa akikisikiliza ni hicho, na wewe ndiye uliyekitoa. Alikuvuta akakupakata juu ya jukwaa, na hina mbichi ya kiganja ikakuchafua gauni, na mkakaa hivyo. Huna haja ya kukiona. Wewe ulikuwamo ndani yake.

Ningeweza kuishia hapa. Ingekuwa barua nzuri, ungelia kidogo ukanisamehe, ukamwona mamako mtu wa amana. Lakini kuna kipande kimoja kilichofuata, na ndicho kilichonizuia miaka yote kukaa nikate vile vipande.

Alipokuwa amekupakata, Rukia aliinua macho akaanza kunitafuta. Akatafuta kwa bibi yake, kwa mashangazi, kisha akaniona, nyuma ya kamera. Akanipungia mkono. Ilikuwa wazi anachosema: weka hiyo chini, uje. Ndoo ukae nasi. Nami, kwa kuwa mwanga ulikuwa mzuri, na kwa kuwa nilikuwa nimemtengeneza vizuri katikati ya kioo changu kidogo, nilitoa mkono mmoja pembeni nikamwashiria: ngoja. Akangoja. Ameshika shingo yako, ananitazama, anangoja. Kisha wakaja wa kumtuza fedha, wakamzunguka, na kipande kikaisha. Sikupanda jukwaani usiku ule. Nilimwona mwanangu akipambwa kwenye kioo kisichozidi kiganja.

Kila nilipoiweka ile picha, nilikuwa nikiisimamisha kabla ya hapo. Wewe ulidhani ni kwa sababu nalia. Nilikuwa nakimbia ule mkono wangu unaoingia pembeni ya picha.

Kwa hiyo sijui, Swabra. Niliposugua zile sahani nilikuwa nawasitiri wanawake wa watu, hilo ni kweli, na yule mmoja usiku huu atalala bila ya hofu. Lakini mikono yangu ilikuwa na nguvu kupita kiasi, na nilipomaliza nilipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. Sijui ni kwa ajili yao tu. Nimejiuliza alasiri yote na sijapata jibu, na sikutaka uende Nairobi ukimbeba mama msafi kuliko huyu aliyekuzaa. Homa ilikuchukulia dadako, nami nimekuchukulia mara ya pili. Huenda nilikuwa na haki, na huenda niliitumia haki kujificha.

Kesho stesheni sitakwambia lolote katika haya. Nitakushika mikono, nitakuuliza kama umechukua maji, nawe utanijibu kwa kunidhihaki. Ukishaisoma hii, nisamehe ukiweza. Usipoweza, nipigie simu vivyo hivyo.

Mamako